Moja ya Peke Yako

Mwezi wa kumi ukifika, jakaranda za Nairobi zikaanza kumwaga maua, watu wazima na akili zao husimamisha magari kando ya barabara ili wapigwe picha. Mimi huvuka nikapita upande wa pili. Si kwamba siyapendi maua yale. Tukiwa watoto tuliyakanyaga makusudi ili tuyasikie yakipasuka chini ya viatu. Lakini mpaka leo nikiyakanyaga asubuhi baada ya mvua, ile harufu yake ya utamu ulioanza kuoza hunipanda puani na kifua kinanibana kama cha mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nyinyi wa rika langu mliolelewa Kibera wakati ule mtanielewa nikisema kwamba kuna uoga wa utotoni ambao umri hauutibu.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Sarang'ombe nzima, upande wetu wa Kibera, ilimwita Japicha, yaani mtu wa picha, na wengi sidhani walijua jina lake. Hakuwa na studio. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, pazia, jiko na sisi watatu, kwa hiyo studio yake ilikuwa nje, mahali popote penye majani. Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, kuwatoa watu Kibera kwa saa chache. Kila aliyekuwa na mama ushago, kijijini kwao, alitaka kumtumia picha, na hakuna aliyetaka mama yake aone mabati yenye kutu na mtaro wa maji machafu. Walitaka maua nyuma yao. Walitaka nyasi. Kuna akina mama kule ziwani waliokufa wakiamini kwamba watoto wao waliishi Nairobi katikati ya bustani, na Baba ndiye aliyewapandia hiyo bustani, kwa kumwambia mteja asogee kidogo kushoto.

Aliyajua majira ya mji huu kwa jinsi yalivyokaa kwenye picha. Mvua ndefu zilipokuja aliwapeleka watu ukingoni mwa msitu wa Ngong, ambako mikaratusi ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Wateja walitembea na malapa matopeni, viatu vya maana vikiwa kwenye mfuko, wakavivaa walipofika. Mwezi wa saba, baridi ikishika, alikaa tu nyumbani akipangusa lenzi na kulalamika kwamba mwanga umekuwa uji. Wakati wa vumbi, majani yote yakiwa yamekauka, alikimbilia dam, bwawa lililo kando ya Kibera. Maji ya pale yalikuwa yamefunikwa na magugu, uchafu mtupu, lakini kwenye picha yalionekana kama shamba la kijani lisilo na mwisho. Wanaume wa mjengo, vibarua wa ujenzi, walisimama mbele yake mikono kiunoni kama wenye shamba. Na mwezi wa kumi ulikuwa wa jakaranda, juu kule Woodley, kwenye barabara zilizotulia. Huo ndio ulikuwa msimu wake wa mavuno.

Jumapili baada ya kanisa Mama aliuza mboga karibu na reli, kwa hiyo mimi nilifuatana na Baba. Aliniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Njia ya kwenda Woodley inapanda, na tukiwa katikati ya mlima Baba alikuwa na mazoea ya kusimama ghafla. "Ngoja, Dani." Ananyanyua kamera mpaka jichoni, anaielekeza kwenye mti ambao hakuna mtu chini yake, anatulia hivyo muda mrefu. Wateja nao walisimama wakanyamaza, kwa heshima. "Anatafuta mwanga," waliambiana. Nilijivuna sana. Baba za wengine walitafuta vibarua, wangu alitafuta mwanga.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mpiga picha mwingine wa Kibera aliyekuwa nayo. Watu walipenda kupigwa wakiwa wameshikana, marafiki, dada, wenzao wa kwaya. Yeye aliwapiga hivyo mpaka wakatosheka, kisha akasema, "Sasa moja ya peke yako." Kila mteja, mmoja mmoja, hata kama hakuiomba. Wakibisha, aliwaeleza kwa upole kwamba picha ya kikundi ukija kuikata, mkono wa mtu unabaki. "Ushawahi kuona mkono umekaa kwa bega na hauna mwenyewe?" aliwauliza. Aliuchukia mkono huo. Mimi sikujua mtu anakata picha ya nini, ila mkono usio na mwenyewe niliuota mara nyingi.

Sasa niwaambie habari za Wilkista. Aliuza omena mbele ya plot yetu ya vyumba vya kupanga, msichana wa kicheko kikubwa, ukimsikia akicheka unajua ametapeliwa au ametapeli. Mwaka ule wa jakaranda nyingi alikuja Woodley na marafiki wawili, wote wamesukwa mtindo mmoja. Baada ya kupigwa watatu, Baba akasema maneno yake.

"Ai, Japicha! Ya peke yangu ya nini? Nitakaa kama sina marafiki."

"Simama tu, nyar gi, binti wa watu. Marafiki hawaendi mahali."

Akasimama. Ua moja likaanguka likamkaa begani. Akataka kulipangusa, Baba akamwambia, "Wacha hapo." Akacheka, na Baba akabonyeza.

Mvua ndefu zilipofika, Baba alivaa koti lake jeusi siku ya Jumamosi, akanishika mkono, tukakata njia mpaka Kawangware. Kaka yake Wilkista alipanga Kabiro, pale pale Kawangware, kwenye plot ya vyumba vinavyotazamana, na uani walikuwa wametandika turubai. Watu waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Penye turubai palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, juu yake beseni la mchango, na nyuma ya beseni alikuwa Wilkista, mkubwa kama dirisha, akicheka, ua begani.

Nilitaka kumsalimia. Kweli kabisa, mdomo wangu ulishafunguka. Kisha nikaona hasogei.

Kaka yake alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. "Japicha, asante sana. Tumetafuta nyumba yote, hatukuwa na nyingine. Ni hii tu ya peke yake."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa chini pale, usawa wa mifuko ya makoti, na yale maneno yaliniingia kama maji baridi. Ya peke yake. Nikamkumbuka Ochi wa mjengo, aliyesimama mbele ya magugu ya dam mikono kiunoni. Picha yake nayo ilikuwa imefungwa mbele ya basi lililoupeleka mwili wake ushago. Nikamkumbuka mama mmoja wa kwaya, aliyepigwa chini ya mikaratusi ya msituni, naye alishazikwa. Wote nilikuwepo Baba alipowaambia wasimame peke yao. Mtoto akishaunganisha vitu viwili, hakuna wa kumtenganishia.

Sikudhani Baba ni mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Nilidhani ni kazi aliyopewa, kama vile kuna mtu kanisani amepewa kusoma majina ya waliofariki, na kwamba hana uwezo wa kukataa. Anasema, mtu anasimama, na baada ya muda mtu haonekani tena. Hata ile huzuni iliyokuwa imemwingia miezi ya karibuni, ile ya kukaa kitandani akiangalia mikono yake, niliielewa hivyo. Nilimhurumia. Lakini tangu siku hiyo kila alipoanza kusema "Sasa moja," niliziba masikio.

Faraja yangu ilikuwa moja tu. Mama hakuwa na picha yoyote. Mke wa Japicha, na hakuna hata moja! Majirani walimtania kwamba fundi wa viatu hutembea pekupeku. Mama alijibu, "Mimi picha ya matanga sitaki. Nikikufa mtanikumbuka na kelele zangu." Mimi nilimpenda kwa jibu hilo kuliko chakula.

Halafu baridi ya mwezi wa saba ikaja, na mambo nyumbani yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Mama alianza kukohoa. Ilikuwa moshi wa jiko, bila shaka, lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilimwona akipangusa macho na ukingo wa leso huku akikata vitunguu, na siku nyingine akipangusa macho bila vitunguu. Kisha chakula chetu kikakosa chumvi. Sukuma wiki bila chumvi, omena bila chumvi, siku baada ya siku. Nikakumbuka shule walitufundisha kwamba mgonjwa hupoteza ladha mdomoni. Nikajua Mama hasikii tena chumvi, na Baba, kwa wema wake, anakula kimya asimvunje moyo. Na mimi nikala kimya. Nilipoona Baba ameacha kuvaa viatu vyake vyeusi na anakwenda hata kanisani na akala za matairi, nilidhani ameviweka viatu kwa ajili ya mazishi.

Nilianza kumlinda. Nikitoka shule nilikimbia moja kwa moja mpaka relini nione kama yupo kwenye mboga zake. Nikimkuta nilikaa nyuma yake nikishika kamba ya aproni yake. "Wewe siku hizi ni kupe?" alinicheka. Sikuweza kumwambia. Niliamini kwamba nikilisema, litasikiwa na yule aliyempa Baba kazi ile.

Siku moja, kabla ya mwezi wa tisa kwisha, tukiwa tunakula ile sukuma yetu chapwa, Baba aliweka sahani chini akasema, "Jakaranda zikitoka, tutaenda sote watatu. Nataka picha, Mama Dani. Ya maana."

Nilimngoja Mama aseme neno lake la matanga. Hakusema. Aliangalia sahani yake, akakusanya ugali kidogo kwa vidole, akauacha.

"Sawa," alisema.

Sikuwahi kuliogopa neno kama nilivyoliogopa lile sawa. Mama, aliyebishana na askari wa kanju, wale wa baraza la jiji, aliyebishana na pasta, alikuwa amekubali. Basi anajua, nikasema moyoni. Anajua na amechoka.

Kutoka hapo nikawa mlinzi wa miti. Nilizunguka njia ndefu ya Woodley kila nilipotoka shule ili nizione. Jakaranda hupukutisha majani kabla ya kuchanua, ikabaki mifupa, na mimi niliomba zibaki hivyo hivyo. Watoto wenzangu waliomba viatu na likizo. Mimi niliomba miti isichanue. Nilisali hata kwa sauti, nimeegemea uzio wa mtu, mpaka mbwa wake akanifukuza. Asubuhi moja niliinua macho nikaona ua moja, juu kabisa, la zambarau mbele ya anga, na siku hiyo sikusikia chochote darasani.

Jumapili ikafika. Mama alivaa gauni lake la kwaya. Baba alipiga pasi shati na, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akafunga tai. Mimi tai niliiona na sikuiona. Macho yangu yote yalikuwa kwa Mama. Tulipopanda ule mlima Baba alisimama kutafuta mwanga mara nyingi kuliko siku zote. Kamera jichoni, kimya, mbele ya mti huu, mbele ya ukuta ule, hata mbele ya lango la mtu lisilo na lolote. Mama alimngoja bila kumharakisha, mkono wake mgongoni mwa Baba. Nilifurahia kila kituo. Niliona ni kama anasitasita, kwamba labda hata yeye hataki, na labda mwanga hautapatikana leo.

Ulipatikana. Barabara yote ilikuwa zambarau, juu na chini. Baba alimsimamisha Mama chini ya mti, akanisimamisha pembeni yake, akatupiga wawili. Nilikuwa nimemshika Mama kiuno kwa nguvu hivi kwamba kwenye picha ile gauni limekunjamana upande mmoja. Kisha Baba akashusha kamera.

"Haya," alisema. "Sasa moja ya—"

"Usiseme!"

Nilipiga kelele ambayo mimi mwenyewe sikuitambua. "Usiseme, Baba! Mama hasimami peke yake! Kama ni kupiga, tupige wote wawili, twende wote!"

Waliangaliana. Mama alipiga magoti juu ya maua, gauni la kwaya na yote, akanishika uso. "Kwani nani amesema ni mimi napigwa?"

"Baba."

"Dani," Baba aliniita taratibu. "Leo Mama ndiye anapiga. Mimi ndio nasimama." Akaivua kamera shingoni, akamvisha Mama. "Shika hapa. Hapa unazungusha mpaka nisikuwe na ukungu. Ukiniona vizuri, bonyeza."

Nani ataweza kuwaeleza furaha ile? Mama alikuwa nyuma ya kamera! Hakukuwa na mahali salama zaidi duniani. Miaka yote Baba alikuwa nyuma yake na hajapata hata homa. Niliruka. Nilikimbia nikizunguka mti, nikayapiga maua teke, nikayakanyaga yakapasuka yote. Hata sikuwaza nani amesimama mbele. Baba alikuwa ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi hasomwi kwenye majina.

"Simama wima basi," Mama alisema.

"Nimesimama, mama. Ni wewe umepinda."

"Usinicheke, nitakata kichwa."

"Kata chochote, kichwa wacha."

Mama alikaa na kamera jichoni, akakaa, akakaa. Baba alisimama akimngoja, tai imenyooka, ametabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikaanza kumtania.

"Mama anatafuta mwanga!" niliimba. "Mama anatafuta mwanga!"

"Ndio," alisema Mama kutoka nyuma ya kamera, na sauti yake ilikuwa nzito. "Natafuta." Akabonyeza.

Tuliporudi nyumbani niliimba njia nzima. Nilikula ile sukuma chapwa nikaongeza. Baba alifariki wakati wa vumbi, kabla ya mvua ndefu kuanza.

Matanga yalifanywa Kabiro, kwa dada yake Mama, kwenye plot ya vyumba vinavyotazamana kama ile ya kaka yake Wilkista. Kitambaa cheupe, beseni, na nyuma ya beseni Baba na tai yake, mti umeegemea upande mmoja kama unataka kuanguka. Ndipo nilipoelewa nilikuwa nimemlinda nani na nimemwacha nani. Hatukurudi Sarang'ombe. Mama alipanga chumba pale pale Kawangware, akaiuza kamera, na kwa miaka mingi mimi sikukubali kusimama mbele ya lenzi, hata ya shule. Usiku wa matanga, ndotoni, mkono usio na mwenyewe ulirudi na ukawa wa Mama, kidole juu ya kitufe.

Mama hakunieleza mpaka nilipomaliza shule ya msingi, tukichambua mboga mlangoni. Alieleza bila kuniangalia. Moyo wa Baba ulikuwa umepanuka tangu mimi sijazaliwa. Daktari ndiye aliyekataza chumvi. Miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Wale wateja aliwaambia wasimame peke yao kwa sababu alipokufa ndugu yake hawakupata picha ila ya kikundi, na jamaa alizikwa na mkono wa mtu mwingine begani. Ochi, Wilkista, yule mama wa kwaya, walikufa kama watu wa Kibera walivyokuwa wakifa miaka ile, wamekonda, lakini kwenye picha Baba aliwaacha wakiwa na mashavu yao.

"Na pale njiani?" nilimuuliza. "Akisimama kutafuta mwanga?"

Mama alitupa jani lililooza. "Mwanga gani? Alikuwa anatafuta pumzi. Hakutaka wateja wajue."

Kisha nikamuuliza kwa nini kwenye picha ile Baba amekatwa miguu, kama ni ugeni wa kamera au ni machozi. Akaniangalia sasa, na kidogo alitabasamu. "Macho yalikuwa na maji, nilipinda, ni kweli. Lakini miguu nilikata makusudi. Sikutaka watu ushago waione imevimba. Kwani ni yeye peke yake alikuwa anajua kazi?"

Mama bado anaishi Kabiro. Amepungua, kelele zake hazijapungua. Mwezi wa kumi uliopita alinipigia simu asubuhi. Jirani yake alikuwa amezikwa na picha ya kitambulisho, imepanuliwa mpaka uso ukawa nukta nukta, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kifo chenyewe.

"Kuja unipeleke Woodley," alisema. "Nataka moja ya peke yangu, kabla hii sura haijaisha."

Nilimpeleka. Tulipanda polepole. Alisimama mara kwa mara, na mimi nilisimama naye. Alichagua mti mwenyewe, akavuta leso ikakaa sawa, akainua kidevu. Nilinyanyua simu. Ua likamwangukia begani na hakulipangusa. Nilimwona vizuri, kisha sikumwona vizuri, na kidole changu kikagoma. Niliogopa vile vile nilivyoogopa nikiwa mtoto, uoga haukuwa umepungua hata kidogo.

"Unatafuta mwanga?" Mama aliuliza.

Msichana mmoja alikuwa akipita na vitabu vyake. "Sasa," nilimsalimia. "Unaweza tupiga picha?" Nikampa simu, nikatembea juu ya yale maua yakipasuka, nikasimama kando ya Mama, nikaweka mkono wangu begani mwake, pale penye ua.

"Nimesema ya peke yangu."

"Nimesikia, Mama."

"Baba yako angekukataza. Wakija kukata, huo mkono utabaki."

"Wacha ubaki," nilisema.